Familia Iliyohama Ufuko

Nevio Semprini alizaliwa Rimini na akakulia mchangani. Alipofika umri wa kuoa alimwoa Mirka, binti wa muuza samaki, akamkabidhi kibanda cha kahawa. Kipande chake cha ufuko alikirithi kwa baba yake: miavuli ya buluu safu kwa safu mpaka karibu na maji, vitanda vya kuotea jua, bafu za kuondolea chumvi, na juu ya nguzo spika iliyopiga muziki kutwa na kutangaza watoto waliopotea. Ulikuwa ufuko wa makelele, na Nevio aliupenda hivyohivyo. Ukipita hapo mwezi wa Agosti, bahari unaiona lakini huisikii.

Wateja wake walikuwa walewale mwaka nenda mwaka rudi, na aliwajua kama ndugu. Alijua nani kaachana na mkewe na nani kakatazwa chumvi na daktari. Lakini hakuna aliowapenda kama familia ya Ottavio Ghislandi, fundi wa lifti kutoka Bergamo. Ottavio alikuwa na mwavuli wa safu ya kwanza tangu binti yake Tecla akiwa wa kubebwa. Wanaume hao wawili walicheza karata mchana kutwa, wakitukanana kwa mapenzi. Na kila kiangazi Nevio alisimulia, mbele ya yeyote aliyekubali kukaa, jinsi Tecla alivyopotea akiwa na miaka mitano, jinsi yeye alivyolitangaza jina lake kwenye spika mpaka pwani nzima ikamjua, na jinsi alivyomkuta nyuma ya mitumbwi ya kukodisha na kumrudisha mabegani huku watu wakipiga makofi. Nevio na Mirka hawakujaliwa mtoto. Hadithi hiyo aliisimulia kama baba.

Ottavio alifariki majira ya baridi. Nevio alikwenda Bergamo kuzika, akamshika Tecla mkono pale makaburini akamwambia, "Mwanangu, mwavuli wenu uko palepale."

"Asante, mjomba," Tecla akajibu, na Nevio akaichukua hiyo kuwa ahadi.

Baada ya Pasaka simu ikalia.

"Mjomba Nevio, mwaka huu hatutakuja."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana, wote wazima. Tumepata mahali pengine, Cupra Marittima, huko mkoa wa Marche. Tulikuwa tunatafuta mahali palipotulia kidogo, mimi na Corrado na watoto."

"Palipotulia," Nevio alirudia, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa. "Hata hapa Juni pametulia."

"Corrado hapati likizo Juni."

"Basi sawa, mwanangu. Nendeni mkapumzike."

Alikata simu akaendelea kupaka rangi mlango wa bafu. Aliupaka mlango mmoja mara tatu, mpaka Mirka akatoka kibandani kumwangalia.

"Kwani wamekufa?" Mirka aliuliza alipoelezwa. "Wamebadilisha ufuko tu."

"Ottavio hajamaliza hata mwaka kaburini."

"Ottavio ndiye aliyekuwa akipenda karata zako. Mtoto wa watu ana maisha yake."

Kiangazi kikaingia. Watu wakajaa, spika ikaimba, na mwavuli ule wa safu ya kwanza ukabaki umefungwa. Kila aliyeuulizia aliambiwa umeshachukuliwa.

"Umechukuliwa na nani?" Mirka aliuliza.

"Na mwenyewe."

Corrado, mume wa Tecla, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, alimtumia picha ya watoto wakila tikiti maji. Nevio hakuwatazama watoto. Aliivuta picha kwa vidole mpaka ukaonekana mwavuli wa kijani nyuma yao, akauchunguza kama mwanamke anayechunguza nguo ya mke mwenza.

"Kitambaa rahisi hiki. Kikipigwa jua mwaka mmoja kinakuwa rangi ya mboga iliyolala."

"Nevio," Mirka akasema, "siku ile nilipocheza dansi na yule Mjerumani mpaka jogoo akawika, wewe ulikwenda kulala."

"Yule alikuwa mteja wa wiki moja."

Mirka aliweka kikombe chini polepole. Siku hiyo kahawa ya mumewe ilikuja baridi.

Wivu ukazidi kumla. Akisikia mteja anasema "huko Marche maji ni masafi," anageuza shingo. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Hatimaye, Jumatatu moja ya Julai, alimwambia mkewe anakwenda Ancona kwa mtu anayeuza vitambaa vya vitanda. Akachukua kofia pana na miwani nyeusi ya Mirka, akaendesha kuelekea kusini.

Cupra alifika kabla ya chakula cha mchana. Alitarajia kukuta kitu cha kumshinda, hoteli ya vioo labda, au bwawa la kuogelea. Alikuta kokoto, mchanga mchache, safu tatu za miavuli, na mama mmoja wa makamo ameketi kwenye kiti cha turubai akimenya maharage mabichi. Huyo ndiye alikuwa mwenye ufuko, Bi Fiorenza.

"Chagua unaoutaka," Bi Fiorenza alimwambia bila kuinua macho. "Ufungue mwenyewe, kamba iko kushoto."

Mteja afungue mwenyewe. Nevio alisikia uchungu kama aliyetukaniwa ukoo. Alichagua mwavuli wa nyuma kabisa, akajikunja chini yake. Mara treni ikapita mgongoni pake, jirani kabisa, kwa kishindo kilichotikisa kitanda. Nevio akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Utulivu gani huu, alijisemea, na akatamani ipite nyingine upesi.

Kisha akawaona. Corrado alikuwa amelala mdomo wazi. Watoto walikuwa wakichimba shimo, kimya, kwa bidii ya vibarua. Na Tecla alikuwa amenyoosha miguu anasoma kitabu kinene, ameshafika katikati. Nevio alijaribu kukumbuka kama amewahi kumwona Tecla akisoma pale Rimini. Alichokumbuka ni Tecla anayeshika paji la uso, anayesema atangulie hotelini kwa sababu kichwa kinamgonga. Siku zote alidhani ni jua. Roho ikamuuma zaidi, maana alikuja kutafuta kasoro, naye binti hajawahi kupendeza namna ile.

Alikuwa bado amekodoa macho wakati Tecla alipofunga kitabu, akainuka, akaja moja kwa moja hadi kwenye mwavuli wake akiwa na kipande cha tikiti mkononi.

"Mjomba, shingo haijakuuma?"

Nevio alivua miwani. "Nilikuwa napita. Naenda Ancona kwa..."

"Ancona umeipita muda mrefu. Aunti Mirka alitupigia tangu asubuhi. Alisema tukuache mpaka uchoke kujificha, ila Corrado anaona huruma, hilo joto na hiyo kofia."

Nevio alilipokea tikiti kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono. Tecla akakaa kwenye kokoto kando yake.

"Nimekukosea nini?" aliuliza Nevio. "Niambie tu. Ni bafu? Bafu nimezipaka rangi."

"Hujanikosea, mjomba."

"Mwavuli wenu umefungwa hadi leo. Baba yako angekuwa hai..."

"Baba angekuwa hai tungekuja," Tecla alimkatiza, na sauti yake haikuwa na ukali. "Tulikuwa tunakuja kwa ajili yake. Mimi Rimini sikuwahi kuipenda. Tangu nikiwa mdogo. Hiyo spika yako nilikuwa naiota."

"Spika ndiyo iliyokuokoa."

"Sikuwa nimepotea. Nilijificha nyuma ya mitumbwi kwa sababu kulikuwa na kivuli, na hapakuwa na mtu wa kunisemesha. Kisha nikasikia jina langu linatangazwa pwani nzima, nguo ya kuogelea nyekundu, meno mawili hana. Ukanibeba, watu wakapiga makofi. Nilitamani mchanga unimeze. Na kila mwaka ukaisimulia."

Nevio alitafuta jibu la kumchoma, akalipata, na akalimeza pamoja na mbegu ya tikiti. Treni ikapita tena. Safari hii haikumfurahisha.

"Na hili dude linalopita hapa?" akasema hatimaye.

"Hili halijui jina langu," Tecla akajibu, na wote wawili wakacheka kidogo, Nevio akiwa hapendi.

Walimshika ale nao. Bi Fiorenza alileta sahani ya zeituni zilizojazwa nyama na kukaangwa, akaisukuma mbele ya mgeni kwa nguvu kidogo.

"Kwa hiyo wewe ndiye yule wa Rimini."

"Ndiye mimi. Kwani nini?"

"Nini, ananiuliza. Tangu wafike hawa nasikia jina lako tu. Huyu bwana," akamnyooshea Corrado kidole, "asubuhi, Nevio huwa anatufungulia mwavuli kabla hatujafika. Mchana, mke wa Nevio ana mkate wa chapati wenye jibini laini, sijui nini. Watoto nao, babu Nevio ana mashua ya kuendesha kwa miguu. Nikasema, kama huyo Nevio ni mtamu hivyo, si mkakae naye?"

"Anasema kweli," Corrado akakiri, akiwa mwekundu.

Nevio alichukua zeituni nyingine, akaitafuna taratibu. "Ni nzuri hizi," alimwambia Bi Fiorenza kwa adabu kubwa. "Chumvi tu imezidi kidogo." Mama yule alimtazama kwa chuki ya wazi, na chuki hiyo ikamwingia Nevio mwilini kama kinywaji baridi. Hakuna pole ambayo Tecla angempa ingemfaa kiasi hicho. Alirudi nyumbani akipiga mluzi njia nzima.

Alipofika, mwavuli wa safu ya kwanza ulikuwa wazi. Chini yake walikaa wazee wawili kutoka Parma, wamevua viatu.

"Nimewapa mimi," Mirka alisema kutoka kibandani. "Vitambaa vya Ancona umepata?"

"Ungeniambia umewapigia."

"Na wewe ungeniambia unakwenda wapi." Alikausha mikono, akatoka nje, akasimama mbele yake. "Kukoje huko?"

"Hovyo. Kokoto. Unajifungulia mwenyewe."

"Kumetulia?"

"Treni inapita. Lakini ndiyo, kumetulia."

"Miaka yote hii niko chini ya hiyo spika, Nevio. Ufuko wako, wateja wako, Ottavio wako. Umemwendea Tecla mpaka mkoa mwingine kumuuliza kwa nini hapendi makelele. Mimi niko hapa hatua chache. Umewahi kuniuliza?"

Nevio alifungua mdomo. Nyuma yake spika ilikuwa ikitangaza mashindano ya mpira wa mchangani, na ilibidi asubiri imalize. Ilipomaliza, Mirka alikuwa amesharudi kibandani.

Septemba, miavuli ilipokusanywa na kufungiwa ghalani, Nevio alimuuliza mkewe wapi angependa kwenda kupumzika. Alipendekeza milimani. Alipendekeza hata kisiwani. Mirka akasema Cupra.

Basi wakaenda. Nevio aliufungua mwavuli wa kijani kwa mikono yake mwenyewe, akamlipa Bi Fiorenza bila kumtazama usoni. Siku ya kwanza Mirka alilala mpaka jua likageuka. Siku ya pili aliamka, akavuta kiti cha turubai karibu na cha Bi Fiorenza, akashika maharage, wakaanza kumenya pamoja. Nevio alibaki peke yake chini ya mwavuli na karata mkononi. Aliwaona wameinamiana vichwa, wanaongea chinichini, kisha wanacheka mpaka Mirka anajifuta machozi. Yeye hakukumbuka lini alimchekesha hivyo.

"Mnacheka nini?" akawauliza.

"Mambo yetu," Mirka akajibu bila kugeuka.

Nevio alizipanga karata mchangani, akazipangua, na akawa anaitazama sehemu ile ya ufuko, kokoto zake na safu zake tatu, kwa jicho baya.