Sikubonyeza Saa, Nikataja Muda

Kosa ni langu. Nalitanguliza hilo kwa sababu hapa Tunduma mwaka mzima amelibeba mtu mwingine, na mimi nimekaa kimya nikimtazama anavyolibeba.

Mimi ni wakala wa forodha. Mchana nahangaika na malori mpakani, jioni ni mwanachama wa klabu yetu ndogo ya watu wazima tunaoogelea kwenye bwawa la lodge moja nje kidogo ya mji. Maji yake ni baridi, jamani! Ukitumbukia unasahau jina lako.

Kati yetu alikuwapo dereva mstaafu. Nitamwita Mzee Sichone, ingawa si jina lake. Huyu alijifunza kuogelea akiwa ameshapita miaka hamsini. Masika moja mto ulilizoa lori lake la mpunga akitoka Kamsamba, akang'ang'ania tairi la akiba mpaka wafugaji wakamvuta kwa kamba ya ng'ombe. Aliporudi mjini alisema, "Maji yamenidharau. Sasa nitayafundisha adabu."

Na kweli akayafundisha! Baada ya miaka michache hakuna aliyemfikia klabuni, hata vijana. Lakini kutushinda sisi hakukumtosha. Alitaka jina lake liingie kwenye orodha ya taifa ya waogeleaji watu wazima, kundi la umri wake.

"Nataka wanangu waambiwe baba yao ni wa ngapi nchi hii," alikuwa akisema. "Hata nikiwa wa mwisho, niwe wa mwisho rasmi."

Sasa, kuogelea haraka peke yake hakutoshi. Ili muda utambuliwe, bwawa lazima lipimwe urefu, mwamuzi wa chama cha kuogelea awepo, na mwogeleaji apimwe na watu watatu, kila mmoja na saa yake ya kubonyeza, bila kuchunguliana. Saa mbili zikilingana, huo ndio muda. Zikitofautiana zote, unachukuliwa wa katikati.

Mzee alihangaika, akapiga simu, akabembeleza, mpaka mwamuzi akaja kutoka Dar es Salaam. Bwawa likapimwa, likafaa. Wapimaji tukawa Mama Neema, ambaye ni nesi, mwalimu mmoja wa sekondari, na mimi. Mimi nilichaguliwa na Mzee mwenyewe.

"Wewe mdogo wangu una macho," aliniambia. "Hakuna kinachokupita."

Kikanipita!

Mzee alikuwa amesimama ukingoni, miwani usoni, ameinama tayari. Simu yangu ikatetema mfukoni. Nikapokea. Alikuwa dereva Mzambia niliyekuwa nampitishia mzigo: "Bosi, gari imezuiwa geti, njoo sasa hivi!" Nikamwambia, "Subiri, subiri kidogo..." Filimbi ikalia. Nikasikia maji yanapasuka. Nikatazama saa mkononi: sufuri.

Nilibaki nimeishika kama mtu aliyepewa yai. Mzee akaenda, akageuka, akarudi, mikono inakata maji utadhani ni kijana wa jeshi. Alipogusa ukuta, Mama Neema alibonyeza saa yake, kisha akasahau kazi akapiga vigelegele.

Mwamuzi akapita kwetu. Mwalimu akataja muda wake. Mama Neema akataja wake, mzuri zaidi kidogo. Kisha akanigeukia mimi.

Hapa ndipo ulipo ugonjwa wetu sisi mawakala. Mpakani ukiacha nafasi moja wazi kwenye makaratasi, lori linalala. Kwa hiyo unafundishwa tangu siku ya kwanza: jaza. Hujui uzito kamili? Jaza, utarekebisha mbele. Mdomo wangu ulishazoea hivyo. Nikajaza. Nikataja muda uleule wa Mama Neema.

Basi, saa mbili zimelingana! Watu wakamkumbatia Mzee na maji yake mpaka wakalowa wote.

Laiti yangeishia hapo. Lakini Mzee, kwa furaha yake, alikuwa amemkodi mpiga video wa harusi. Tulipokuwa tunakula pilau aliyotuandalia, mwamuzi akaomba aone kwenye kamera jinsi mbio zilivyoanza. Akatazama. Akarudisha nyuma, akatazama tena. Akaniita nyuma ya jiko la lodge.

"Ndugu, filimbi inalia, wewe uko kwenye simu. Saa ulibonyeza kwa mkono gani?"

"Huu hapa, mkuu. Nilibonyeza."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Akanitazama mpaka nikaangalia chini. "Ungesema hukubonyeza, ningejumlisha saa mbili zilizobaki nikagawa kwa mbili. Kanuni inaruhusu. Hata sasa ukisema, inaruhusu. Nakuuliza mara ya mwisho."

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi! Neno moja tu! Lakini niliiogopa aibu kuliko nilivyouogopa uongo. Nikarudia, "Nilibonyeza."

"Basi muda huu siupeleki. Siwezi kuweka sahihi wakati mpimaji ananidanganya machoni. Mzee wako utamweleza mwenyewe."

Sikumweleza. Mwamuzi aliwatangazia watu kwamba kuna dosari katika upimaji, akaondoka. Na mji wetu mnaujua. Kesho yake habari ilikuwa imeshapikwa ikaiva: Mzee kawalisha wapimaji pilau ili wampunguzie muda!

Vijana wa bodaboda wakambandika jina, Mzee Sekunde.

"Mzee Sekunde, leo umenunua ngapi?"

"Nipunguzie na mimi basi, niwahi abiria ng'ambo, Nakonde!"

Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akaanza kupita njia ya nyuma. Mwishowe akaacha kuja bwawani.

Lakini hilo silo lililonimaliza. Siku moja alinifuata ofisini, akakaa, akauliza taratibu, "Mdogo wangu, wewe ulikuwa karibu. Niambie tu, sitakasirika. Niliruka kabla ya filimbi?"

Mtu aliyeogelea safi kuliko sisi wote, sasa anajitilia shaka mwenyewe! Nami nikamjibu nini? "Sikumbuki vizuri, mzee." Mimi, ambaye hakuna kinachonipita.

Wiki iliyopita amekuja tena. Amepungua, na bega la kulia linamsumbua. Kasikia mwamuzi mwingine anakuja. "Nataka nijaribu mara ya mwisho kabla bega halijakataa kabisa," alisema. "Na saa ushike wewe. Wengine siwaamini."

Nikaitikia. Alipotoka nilifunga mlango nikalia kama mtoto.

Saa sitaishika. Kesho nakwenda kwake kumweleza yote, kabla hajayasoma hapa. Kisha nakwenda kijiwe cha bodaboda, niseme mbele ya wale vijana ni nani hasa aliyeharibu. Akinifukuza, ni haki yake.

Nanyi mnaoshika saa, mnaopima, mnaotia sahihi juu ya jasho la mwenzenu, nawaomba: nafasi iliyo wazi iacheni wazi. Kama hukubonyeza, sema hukubonyeza, palepale, maji hayajamkauka mwenzako mwilini. Mimi sikusema, na mtu aliyeridhika kuwa hata wa mwisho, nilimnyima hata hiyo nafasi ya mwisho.