Mahali pa Mwanzia Kwenye Safu

Nimenunua mbuzi kutoka Maungu mpaka Taveta, nimelala nao kwenye lori, nimeshika kila kinachonuka. Hakuna kilichowahi kunitia kinyaa kama mtu aliyejipaka marashi, anayejisogeza kwa Mungu huku anamkimbia jirani yake.

Ibrahim Mwanzia alifanya kazi katika shamba la mkonge nje ya Voi. Kazi yake ilikuwa kuzoa makapi mabichi yanayotoka kwenye mashine. Makapi hayo yakioza hunuka kama tumbo la ng'ombe lililopasuliwa likasahaulika juani, na harufu yake huingia ndani ya kucha ikafanya makao. Jioni alisokota kamba. Nilizinunua miaka mingi kufungia mbuzi. Hazikatiki, na bei yake hapunguzi; nimejaribu kila ujanja ninaoujua.

Alisilimu mwaka wa sitini na tisa. Mkewe, Ndunge, alibaki na kanisa lake, na nyumba haikuvunjika. Kila Ijumaa Mwanzia alijisugua mikono kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikachubuka, ndipo akaja msikitini. Maalim Bwanaheri husema kabla ya kila sala: bega kwa bega, kisigino kwa kisigino, msiache mapengo. Watu hutikisa vichwa. Kisha Mwanzia akiingia safuni, wa kulia anasogea nusu shibiri, wa kushoto naye nusu shibiri, na ikifika rakaa ya pili amebaki peke yake katikati kama jino la mwisho. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Tusi lina mwenyewe, unaweza kumshika shati. Ile nusu shibiri haina mwenyewe.

Ndunge alikuwa amechoka nayo. "Baba Muli," alimwambia mbele yangu siku moja nilipofuata kamba, "kanisani kwetu kuna benchi. Ukikaa, umekaa. Wewe unajiosha kama maiti kwa ajili ya watu wanaokukimbia?"

Mwanzia aliendelea kusokota. "Ngoja Idi," alisema. "Wakinihamisha siku ya Idi, msikitini hawanioni tena. Nitasali hapa nyumbani na kuku."

Hakuwa akitania. Mtu asiyepunguza bei hatanii.

Idi hiyo ilikuwa ya mwaka wa sabini na saba. Msikiti ulikuwa mdogo, kwa hivyo tulisali uwanjani, ng'ambo ya reli. Mwaka uliotangulia safu zilipinda kama njia ya mbuzi. Waliokuwa nyuma kabisa walikuwa wanasujudia milima ya Taita. Safari hii Maalim alimwomba Mwanzia apime. Alirauka alfajiri akapiga vigingi, akavuta kamba zake, akanyunyiza chokaa. Mistari kumi na miwili, myeupe juu ya udongo mwekundu, imenyooka kama reli yenyewe. Akaenda kuoga, akarudi na kanzu mpya, akasimama safu ya kwanza, mahali alipoona pana nafasi.

Kando ya nafasi hiyo palikuwa na msala uliotandikwa tangu asubuhi bila mtu. Ulikuwa wa Bwana Twaha, mwenye duka la nguo, ambaye huuagiza utangulie kama mtu anavyoagiza kiti cha sinema. Alifika watu wameshajaa, akamwona aliye kando yake, akakunja uso.

"Ibrahim, hapa si mahali pako."

"Mahali pangu ni wapi, Bwana Twaha?"

"Nyuma. Leo watu wamevaa nguo mpya."

"Hii kanzu umeniuzia wewe juzi," Mwanzia alisema. "Uliponipima mabega hukuziba pua."

Nyuma yao mtu alikohoa ili asicheke. Nilikuwa mimi.

Safu ilikuwa imeshonana, hapakuwa na pa kusogea kando. Basi Twaha akapiga hatua moja mbele, na msala wake. Siku nyingine nani angeona? Lakini siku hiyo mstari ulikuwa mweupe, na visigino vyake viko mbele ya mstari peke yavyo. Mwanzia alivitazama, akainama kuokota bunda la kamba alizopimia, lililokuwa miguuni pake. Nikajua anaondoka.

Maalim aligeuka kukagua safu. "Bwana Twaha, visigino kwenye mstari."

"Maalim, wewe ndiye unatufundisha kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi asije msikitini akawaudhi wenziwe. Na huyu je?"

Maalim alitoka mahali pake, akauchukua mkono wa Mwanzia, akaunusa mbele ya uwanja mzima, bila haraka, kama mimi ninavyokagua meno ya mbuzi. "Kitunguu mtu hula kwa kupenda," alisema. "Huu ni mkono wa kazi, na umeoshwa mpaka umechubuka. Ibrahim, weka kamba chini. Bwana Twaha, sianzi mpaka urudi."

Jua lilikuwa limeshapanda. Mia tatu na zaidi tunangoja visigino vya mtu mmoja. Hatimaye sauti kutoka safu za nyuma ikasema, "Rudi baba, pilau inaungua."

Twaha alirudi, kitambaa puani, akasali hivyo mpaka salamu ya mwisho. Aliinama mbele ya aliyemuumba akiwa ameziba pua kwa sababu ya alichokiumba.

Ijumaa iliyofuata Mwanzia alifika wa kwanza, akasimama nyuma ya Maalim moja kwa moja. Twaha, ambaye mahali pake ni safu hiyo ya mbele, akawa na hiari mbili: asali kando yake au ahame. Akachagua ile yake: akauhamisha msala mpaka safu ya mwisho, mlangoni, kwenye lundo la ndala za watu na mtaro wa choo. Yuko huko mpaka leo. Husema kuna upepo.

Juzi nilimuuliza Mwanzia anaonaje.

"Namwonea huruma," alisema, akinifungia kamba zangu. "Kule nyuma kunanuka."