Namba Niliyoisaga

Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, alinipigia simu akanisomea ujumbe neno kwa neno, kama anayesoma hati ya nyumba. Mtaalamu mmoja wa Ulaya anayefuatilia magari ya zamani ya mashindano alikuwa ameona picha za gari lake, lile dogo la viti viwili. Sasa alitaka picha moja tu, ya namba ya chesisi. Magari ya majaribio, alieleza, yale yaliyotangulia kabla kiwanda hakijaanza kuyatoa kwa wingi, yaliundwa kwa mkono, na namba zake ziligongwa kwa nyundo. Huwa fupi kuliko za kawaida, tena hazikunyooka. Ami akaniambia nije kesho asubuhi na brashi ya waya, maana fundi wa familia ni mimi. Nikasema inshallah, nikakata simu.

Namba ile niliiona. Miaka minane nyuma, ami alipotaka gari lipakwe rangi kwa ajili ya harusi ya binti yake, niliikuta pembeni mwa injini chini ya oili chafu iliyogandamana: tarakimu sita tu, ile saba imelala upande, ile tisa imezama kuliko wenzake. Siku hizo nilikuwa gereji ya Msata, na nilishamshuhudia mtu akipandishwa karandinga la polisi kwa ajili ya lori lililogongewa namba upya. Kwetu sisi mafundi namba iliyopinda ni ya wizi, basi. Gari lenyewe ami alilipata kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akirudi kwao, na karatasi zake sikuwahi kuziona. Nikajisemea aibu ya ami ni aibu yangu. Nikawasha grinda nikaisaga, nikang'oa na kibati chake cha namba nikakitupa, nikaziba kwa puti na kupaka rangi. Nilijiona nimemwokoa. Akiuliza nitasema kutu. Kutu ya Bagamoyo inakula hata bati jipya.

Kumbe mjinga ni mimi. Pale mtaani Dunda, dukani kwake anakouza nondo na mabati, watu walimtania miaka yote. Akisema gari lake lilitangulia wenzake wote duniani, walimjibu kwamba mbona hata sokoni halijatangulia kufika. Alicheka nao, lakini roho ilimuuma, nami nilijua. Sasa alikuwa amepata picha moja ya kuwanyamazisha.

Asubuhi nilitia brashi mfukoni, na chini yake, Mungu anisamehe, vile vyuma vyangu vya kugongea namba. Nilifikiri nikibaki peke yangu kidogo ningeirudisha. Lakini tarakimu zote sikuzikumbuka, na ami hakuniacha hata dakika moja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akiwa ndani ya kanzu iliyopigwa pasi, utadhani anakwenda swala ya Idi. Tochi alishika mwenyewe.

Nikakwangua. Rangi ilitoka, puti ikafuata vipande vipande, jasho likaniingia machoni. Chuma kilipotokea nikasema masikini, kutu imekula yote. Ami aliinama akapitisha kidole. Nilikuwa nimesahau kwamba mzee huyu ameuza chuma maisha yake yote.

"Kutu haina mistari," alisema. "Hapa imepita grinda."

Nikamweleza yote: Msata, namba iliyopinda, kibati nilichokitupa. Nilizungumza haraka haraka, nikiapa kwamba nilikuwa namlinda na polisi. Nilisubiri anitukane, na angenitukana ningeshukuru. Yeye alizima tochi, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaiweka juu ya boneti. Lile gari hakulitazama tena, alinitazama mimi.

"Miaka minane umefuturu kwangu kila Ramadhani," alisema. "Wakati wote huo ulijua unakula kwa mwizi?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Nikasema ndiyo, ami.