Funga Mlango Ndipo Upime

Kuna mchana mmoja ninaoukumbuka vizuri hadi leo, mwanangu, na ni heri nikusimulie kabla hujabeba mkoba wako kwenda kufunga vifaa katika nyumba za watu. Nilikuwa kijijini Kiirua, kwa Tata Karimi, dada wa baba yangu. Ndevu zangu wakati huo hazikuwa na mvi hata moja. Mambo ya umeme na mawasiliano nilikuwa nimejifunza peke yangu, kwa kusoma na kwa kuharibu redio za nyumbani, na nilijiona ninajua mengi. Mengi nilikuwa ninayajua kweli. Shida haikuwa hapo.

Tata alikuwa amenunua vifaranga wa siku moja kwa mara ya pili. Wale wa kwanza walikufa kwa baridi. Unajua baridi ya kule inavyoshuka kutoka mlimani kabla ya kupambazuka. Jiko la makaa lilizimika bandani Tata akiwa amelala kwa uchovu, na asubuhi akawakuta wamelundikana pembeni, mmoja juu ya mwingine. Mwanawe, Murithi, alimwambia waziwazi kwamba hawa wakifa pia, atalivunja banda na kwa mabati yake aezeke zizi la ng'ombe. Tata alikubali. "Wakifa hawa," alisema, "sitasumbua mtu tena." Alilisema polepole, huku akitazama pembeni. Kuku ndio walikuwa jambo pekee katika boma lile ambalo alilianza mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Ndiyo maana nilimpelekea vile vifaa. Kimoja ni kihisi, kitu kidogo kinachotoshea kiganjani, kinachopima joto na kutuma habari hewani bila waya. Kingine ni kisanduku cheupe kinachokaa ndani ya nyumba. Kisanduku hupokea habari za kihisi na kuzipeleka kwenye simu kupitia intaneti. Joto la banda likishuka, simu ya Tata italia, naye atatoka kuongeza makaa kabla jiko halijazimika. Sehemu nyingine yote ya usiku atalala kama watu wengine.

Murithi alitukuta tukifungua katoni mezani, akacheka hadi akashika kiuno.

"Mama, sasa unataka kuku wakupigie simu?"

"Wakinipigia nitashika," Tata akamjibu bila kuinua uso. "Wewe hata ukipigiwa hushiki."

Kazi ilianza na kikwazo kidogo. Kisanduku kilikataa kuingia kwenye waifai ya nyumba. Nilisoma maelezo tena, nikagundua kwamba ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, ilikuwa inatoa mitandao miwili, mmoja wa kasi na mwingine wa polepole unaofika mbali, na kisanduku kinauelewa huu wa pili tu. Nikauchagua, taa ya njano ikawa kijani. Nikaunganisha kihisi pale pale mezani, na joto la sebule likatokea kwenye simu yangu na ya Tata. Tata alikifunika kihisi kwa kiganja, namba ikapanda, akafurahi kama mtoto. Nikamwambia tumemaliza.

Nilikipeleka kihisi bandani, nikakitundika juu ya vifaranga, nikarudi ndani kunywa chai. Kabla sijaimaliza, simu ikaandika: kihisi hakipatikani.

Nikatoka kwenda kukiangalia. Nilipofika bandani na kuitazama simu, namba ikarudi, joto zuri kabisa, hakuna kasoro. Nikakaa kidogo, nikaridhika, nikarudi nyumbani. Kikapotea. Nikaenda tena, kikapatikana. Nikarudi, kikapotea. Ilikuwa kana kwamba kile kitu kinanionea haya, kinafanya kazi mbele yangu na kulala nikigeuka.

Basi nikaanza kuhangaika. Nilibadilisha betri. Nilikihamisha kisanduku kutoka mezani hadi dirishani. Nilifuta kila kitu na kuanza kuunganisha upya, na wakati huo huo nikabadilisha mipangilio ya ruta. Hilo nalo ulikumbuke: ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja, hata ukifaulu hutajua kilichokuponya, na ukishindwa hutajua ulichoongeza kuharibu. Nililaumu umbali, ingawa kutoka nyumba hadi banda mtu anaweza kurusha kiatu kikafika. Nililaumu mawingu. Mwishoni nilikuwa tayari kusema kihisi ni kibovu, kirudishwe dukani, na Murithi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango akinitazama nikienda na kurudi.

"Kinoti," akaniita, "mwambie tu Mama ukweli. Hiyo kitu imekataa."

Nilirudi bandani, nikausukuma mlango, nikainamia kihisi nikitafuta kitufe chake. Hapo ndipo Tata aliponijia kwa nyuma na debe la maji mkononi, na sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mtoto mwizi wa sukari.

"Kinoti! Ulizaliwa wapi wewe? Tangu asubuhi unaingia hapa na kuacha mlango wazi! Watoto wangu wanapigwa na baridi, na wewe ndiye umekuja kuwaokoa?"

Ilikuwa kweli. Banda lilikuwa la mabati pande zote, na mlango wenyewe wa bati. Hewa iliingia kwenye nafasi yenye waya chini ya paa, upande wa mlimani. Ndani kulikuwa giza, na mimi, ili nione kitufe na maandishi madogo, nilikuwa ninauacha mlango wazi kila nilipoingia. Anayefuga vifaranga hafanyi hivyo. Anaingia upesi, anafunga, ndipo anaanza kazi yake. Nikaona aibu, nikamwomba radhi, nikauvuta mlango nikabaki ndani na vifaranga wakilia miguuni.

Simu ilikuwa bado mkononi. Nikaitazama katika giza lile, jiko likitoa wekundu kidogo. Namba ikakaa kwa muda. Kisha, mbele ya macho yangu, ikaandika: kihisi hakipatikani.

Nikaufungua mlango. Nikasubiri. Namba ikarudi. Nikaufunga. Ikapotea.

Nilicheka peke yangu mle ndani. "Unacheka nini?" Tata akauliza kutoka nje, bado ana hasira. "Tata," nikamwambia, "umenipa dawa." Kihisi hakikuwa kibovu na kisanduku hakikuwa na kosa. Bati huzuia mawimbi, na banda lile likifungwa lilikuwa sanduku la chuma, upande unaotazama nyumba haukuwa na tundu hata moja. Kila nilipokwenda kuchunguza, niliyafungulia mawimbi njia kwa mkono wangu. Kila nilipoondoka niliiziba. Kwa muda wote huo nilikuwa ninapima banda lenye mtu ndani, lakini kifaa kilinunuliwa kwa ajili ya banda lisilo na mtu.

Nilianza kueleza habari za kuhamisha hiki na kuongeza kile. Tata akanikatiza. Nyuma ya zizi kulikuwa na kipande cha bati la plastiki, lile linalopitisha mwanga, kilichobaki walipoezeka jikoni. "Hilo linazuia?" akauliza. Nikasema halizuii. "Basi toa bati moja upande wa nyumba, uweke hilo. Hata wanangu wataona chakula chao."

Murithi ndiye aliyepanda na nyundo. Alipomaliza alishuka, akaufunga mlango yeye mwenyewe, akaja kusimama karibu nami kuitazama simu. Namba haikuondoka. Tukasubiri mpaka chai aliyotuletea Tata ikapoa, nayo ikabaki pale pale.

Ningeweza kwenda zangu wakati huo, lakini karipio lilikuwa bado linaniuma masikioni, nikataka kupima na jambo lililobaki, kengele ya usiku. Nikamwomba Tata aingie chumbani, afunge mlango, alale kama anavyolala kila siku. Alilalamika kwamba majirani watamwona mvivu, akaingia. Nikakitoa kihisi kwenye joto, nikakiweka ndani ya ndoo kivulini. Kengele ikalia. Tata hakutoka. Ikalia tena. Tulipogonga mlango alisema hajasikia kitu. Simu yake ilikuwa sebuleni kwenye chaji, mahali ilipolala kila usiku. Murithi akaleta waya mrefu wa umeme, tukaihamishia simu na chaji yake kando ya kitanda, tukarudia. Mara hii Tata alitoka mbio, kilemba mkononi.

Siku chache baadaye alinipigia simu asubuhi, akanieleza kwamba kengele ilimwamsha kukiwa bado giza, akakuta makaa yamekuwa majivu, akawasha jiko upya. Vifaranga wote walikuwa hai. Walikua, wakaanza kutaga, na banda liko mpaka leo.

Sasa nikupe nasaha yenyewe, mwanangu. Unapofunga kifaa katika nyumba ya mtu, usikipime ukiwa umesimama kando yake. Funga mlango, ondoka, acha nyumba iwe kama inavyokuwa wewe hupo, ndipo upime. Badilisha jambo moja, ulitazame, kisha lingine. Jua mwenye nyumba analala wapi na simu yake inalala wapi. Tena akikukaripia kwa jambo unaloliona dogo, usijitetee haraka. Fanya kwanza anavyosema, kisha utazame kilichobadilika. Yeye anaijua nyumba yake katika saa ambazo wewe hutaziona.

Nenda basi. Mungu akupe mikono mitulivu na masikio yanayosikia, na kila nyumba utakayoingia, uiache ikiwa na watu wanaolala usingizi mzuri kuliko ulivyowakuta.