Stempu za Laos Alizonitunzia Jirani

Keti, rafiki yangu, nikusimulie jambo ambalo hata mume wangu nimemweleza nusu tu. Wiki mbili zilizopita binti yangu alirudi kutoka shule akasema mwalimu anataka kila mtoto alete kitu cha zamani cha nyumbani. Mimi, kwa maringo yangu yote, nikapanda kiti nikashusha albamu ya stempu iliyokaa juu ya kabati tangu bibi yangu afariki. Nikachana plastiki iliyofunika ukurasa wa kwanza, nikamwambia aoshe mikono, aikaushe vizuri, kisha apitishe kidole juu ya stempu moja, mara moja tu, polepole, kama anayempima mtoto mchanga homa. "Utausikia wino umesimama," nikamwambia.

Binti yangu anaelewa Kiswahili chote ila hujibu Kiingereza. "But Mummy," akasema, "it's flat."

Nikagusa mwenyewe. Ilikuwa laini kama risiti ya dukani. Nikachana plastiki za kurasa nyingine nikatoa ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote laini, na pembeni meno yake yamekatwa kwa mkasi. Nikakaa sakafuni pale pale, mwanamke mzima, binti yangu akiniuliza kama naumwa.

Ili uelewe, nikurudishe Sparkhill, mtaa wetu wa kwanza katika mji huu. Tulikaa kwenye mojawapo ya zile nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, nyuma ya barabara ya Stratford: mama, bibi, wadogo zangu wawili na mimi, tukiwa tumetoka Bukavu kwa njia ndefu nisiyotaka kuirudia. Mabasi yalitikisa vioo tangu alfajiri. Bibi alipika sombe, yale majani ya muhogo, mpaka mapazia yakanuka mawese, na kila majira ya baridi ukuta wa chumba chetu ulitoa ukungu mweusi. Mama aliusugua Jumamosi, Jumanne umerudi.

Mama alifanya usafi katika hospitali kubwa upande wa Harborne. Huko alipata rafiki, mama mmoja kutoka Laos, wakawa wanagawana chakula cha mchana na Kiingereza cha kuokota. Yule mama hakuwa na mtoto. Siku moja aliposikia kwamba binti wa rafiki yake anapenda picha, akamletea rundo la bahasha kuukuu, zile za barua ambazo baba yake alimwandikia kaka yake aliyesoma ng'ambo. Barua alibaki nazo, bahasha akanipa mimi.

Sikuwahi kuona stempu za namna ile. Tembo wakiburuta magogo. Mwanamke ameketi anafuma kitambaa, nyuzi zake unaweza kuzihesabu. Mtu anapuliza mianzi iliyofungwa pamoja, mashua ndefu za mashindano, hekalu lenye ncha kama chipukizi. Bibi akaninyang'anya bahasha, akaisogeza dirishani, midomo ikatembea. "Royaume du Laos," akasoma, yaani Ufalme wa Laos. Akacheka mpaka akajishika kifua. "Hii njo Kifaransa! Kumbe Bafaransa balifika mupaka kule?"

Usilichukulie dogo hilo. Katika mji huu bibi alikuwa hawezi kusoma namba ya basi wala maandishi ya chupa ya dawa bila mimi. Stempu alisoma mwenyewe. Tangu siku ile, kila Jumapili baada ya kanisa, aliniambia nimletee "vitu vyangu vya kusoma". Yeye alimpenda zaidi mfumaji. Alidai anafanana na mama yake, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Alitusikia siku bibi anatugombeza uani kwa sauti yake ya soko, akachungulia juu ya uzio, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kumbe hapa iko watu ya kwetu!" akasema. Alipojua nina stempu, akaniita mezani kwake, na Jumamosi zangu zikawa zake. Kulikuwa na chai ya tangawizi, chevda, ule mchanganyiko mkavu wa dengu na karanga, kwenye kibakuli cha bati, na redio iliyoimba chinichini nyimbo za kwao.

Alinifundisha kazi. Unakata kipande cha bahasha, unakiacha kielee kwenye maji ya uvuguvugu, unangoja. "Usivute, mtoto yangu. Gundi ikichoka, stempu itakuja yenyewe." Unaishika kwa kibano, hapana vidole, unailaza kati ya karatasi na juu yake unaweka kitabu kizito, ikikauka unaiingiza kwenye albamu. Akanieleza kwamba picha hizi fundi alizichonga kwenye chuma, mstari mmoja mmoja, tena kinyumenyume, na mkono ukiteleza kazi ya miezi imekwenda na maji. Wino huingia kwenye ile mifereji, karatasi ikikandamizwa unainuka. Ndipo akaniruhusu kidole, mara moja tu.

Nikuambie pia kwa nini nilimpenda. Shuleni mwalimu alilikata jina langu nusu kwa sababu lilimshinda. Yule mzee alilitamka lote, hadi silabi ya mwisho, kila nilipobisha mlango. Sikuwa na babu, nikamfanya babu, na nilidhani naye amenifanya mjukuu.

Ukungu wa ukutani ulipoidonoa stempu ya tembo, ukaiachia doa dogo kwenye pembe, mzee alihuzunika kuliko mimi. "Acha albamu kwangu," akasema. "Kwenu ukuta nalia." Mama akafurahi, akatoa Mithali yake palepale: afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali. Basi albamu ikahamia kwake. Jumapili nilienda kuiazima, bibi akasoma, nikairudisha.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu tukapata nyumba Longbridge, upande mwingine wa mji. Siku ya kuhama mzee alikuja na albamu, kila ukurasa ameufunika kwa plastiki mpya na kuibana pande zote. "Usifungue. Hewa itaharibu." Nikatii. Mjinga mimi, nilitii miaka ishirini na zaidi. Bibi alifariki kule Longbridge, na hadi mwezi wake wa mwisho alikuwa akisoma Royaume du Laos kupitia ile plastiki.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kwanza kitakumiminia chai.

Jumamosi iliyopita nikaenda Sparkhill. Mkwe wake alinifungulia, akanipeleka sebuleni. Mzee alikuwa kitini karibu na dirisha, blanketi magotini, amebaki mifupa na macho. Akanitazama, akalitamka jina langu lote. Karibu nigeuke nirudi. Badala yake nikamwekea albamu magotini, wazi. Akapitisha kidole, kisha akamwomba mkwe amletee albamu yake ya kijani.

Walikuwamo wote. Tembo wangu na lile doa lao la pembeni. Mpuliza mianzi. Mashua. Mfumaji.

"Uncle, kwa nini?" Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa.

"Wewe ilikuwa napenda picha, mtoto yangu," akasema, bila haraka. "Mimi ilikuwa napenda mkono ya fundi. Picha yote nilikuachia. Hata moja haikupotea."

Alisema kama mtu anayeeleza jinsi nyama ilivyogawanywa kwa haki. Mkwe wake akatazama zulia. Nilingoja hasira, ikaja aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kuomba kisicho changu. Nikamwambia zingine abaki nazo, anipe moja tu, ya mfumaji, kwa ajili ya bibi.

Akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Hiyo hapana. Nikitoa, seti itavunjika."

Ningependa kukuambia kwamba nilimpokonya. Blanketi lilikuwa linateleza, nikalirudisha magotini mwake, kwa sababu ni mzee na mikono yangu ililelewa hivyo. Nikaaga. Nikalia kituo cha basi mbele ya watu waliobeba mifuko ya vitambaa vya harusi, na nililia kwa sauti.

Nimesalitiwa, rafiki yangu, na bado sijui nimesalitiwa tangu lini. Hilo sikumuuliza. Hakuzichukua zote kwa mpigo, nina hakika. Alitoa moja akaweka nakala, akangoja, akatoa nyingine, kwa subira ileile ya maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo kuna Jumamosi za mwanzo, nilipokuwa mjukuu wake kweli, na kuna zile za baadaye. Nazikumbuka zote: mvua dirishani, tangawizi ikinichoma koo, mkono wake ukisukuma kibakuli cha chevda upande wangu ili nile zaidi. Siwezi kuzitenganisha. Kila ninapomkumbuka akitabasamu, inabidi nijiulize ilikuwa kabla au baada.