Kitambi Changu na Njia ya Kwenda kwa Mama

Mgonjwa alikuwa baba yangu mdogo, na tulimbeba kwa machela kutoka kitongojini kwetu, juu ya kijiji cha Gare, hadi barabarani ambako gari lilikuwa linamsubiri. Kwetu gari halifiki. Njia ni ya miguu, imebanwa kati ya mashamba ya maharage na ukingo wa korongo. Mtu akizidiwa, wanaume huitana, humlaza kwenye machela ya miti miwili na blanketi, kisha hupokezana mabega mpaka chini. Mtu wa ukoo ndiye hushika mbele. Siku ile wa kushika mbele nilikuwa mimi.

Nilishika. Hatua kumi za kwanza nilikwenda vizuri, hata nikaona fahari. Ya ishirini pumzi zilianza kunitoka kwa kelele. Ya thelathini jasho lilikuwa limeniingia machoni, na machela imeinama upande wangu kiasi kwamba mgonjwa alianza kuteleza kunifuata. Baba mdogo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alifunua blanketi, akanitazama, akasema kwa upole, "Niteremsheni. Nitatembea mwenyewe."

Wanaume hawakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mzee mmoja aliyenizidi umri kwa miaka mingi, mwembamba kama mpini wa jembe, alinigusa bega, akaingia mahali pangu, safari ikaendelea. Nilifuata nyuma nikishika ubavu. Baba mdogo alitibiwa akapona, namshukuru Mungu.

Mama alikuwa ametufuata na chupa ya chai kichwani. Gari lilipoondoka, alinitazama kuanzia usoni, macho yakashuka hadi kwenye mkanda, yakakaa hapo kidogo.

"Siku yangu ikifika," alisema, "wewe ushike mfuko wa nguo."

Mama yangu hutania kila kitu, hata misiba, kwa hiyo kwa sauti alikuwa anatania. Lakini neno lile liliniingia mpaka ndani. Baba alishafariki. Ndugu zangu wako Dar es Salaam na Tanga. Mwana wa kiume aliye karibu ni mimi, naishi Lushoto mjini, na kama siwezi kumbeba mama yangu hatua thelathini, basi atabebwa na watoto wa watu huku mimi nimekumbatia mfuko. Wiki nzima wazo hilo lilininyima raha. Nikaapa kwamba kitambi kile lazima kitoke.

Kilikuwa kimekuja taratibu na kwa heshima zote. Nafanya kazi ya ofisini, ya kukaa. Asubuhi nilipanda bodaboda kwenda kazini, umbali ambao mtoto wa shule anautembea akiimba. Saa nne chai ya maziwa na chapati mbili. Mchana chipsi mayai, na soda ya kuzisindikiza. Kikao kikiwepo, soda nyingine na maandazi. Kila shati lilipobana, watu waliniambia nimenawiri, mambo yangu mazuri, na mimi nikaamini kwamba tumbo ni cheti cha maendeleo. Mama nilikuwa namwona, lakini barabarani. Nampigia simu, anateremka na kikapu cha maharage na peasi, namkabidhi sukari na mafuta ya kupikia, tunaagana. Mlima ulikuwa umenishinda zamani, ila nilikuwa sijamwambia mtu. Nilisema nina haraka.

Nilianza kwa fujo, kama wanavyoanza wote. Niliacha chai ya asubuhi. Niliacha chakula cha usiku. Nilikunywa maji ya moto yenye ndimu mpaka meno yakafa ganzi. Nikanunua koti la nailoni, nikalifunga hadi shingoni ili nitoke jasho, nikawa napandisha mbio njia ya Irente alfajiri, nikipitwa na akina mama waliobeba kabichi kichwani ambao walinisalimia bila hata kuhema. Wiki ya kwanza nilipungua, nikafurahi. Wiki ya pili goti lilivimba, ofisini nikawa nagombana na kila mtu, na Ijumaa yake nilikaa kwenye kibanda cha chipsi nikala sahani mbili nikiwa nimeinama, kana kwamba nimeziiba.

Goti ndilo lililonipeleka kwa nesi. Alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka, na alinisikiliza habari za ndimu na koti bila kubadilisha uso. Akaniuliza kitambi changu kina umri gani. Nikakisia miaka kumi. Akasema basi na chenyewe kina haki ya kupewa notisi, si kufukuzwa kwa wiki mbili. Kisha akanielekeza mambo ambayo yalinikera kwa urahisi wake. Nile milo yangu yote, lakini nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Soda niiache, sukari ya chai niipunguze kijiko baada ya kijiko. Nitembee karibu kila siku, mwendo wa kunifanya nihisi pumzi lakini bado niweze kuongea. Mara mbili kwa wiki nikae na kuinuka kitini mara kadhaa, nijisukume ukutani, ili nguvu za misuli zisiondoke pamoja na mafuta. Tumbo nilipime kwa futi ya fundi cherehani, na mizani niipande mara moja kwa wiki, basi. Nusu kilo kwa wiki alisema ni nyingi ya kutosha, na wiki nyingine haitatoka kitu, nisilie. Koti la nailoni alisema litanifaa mvua ikinyesha.

Nilimweleza mama kwenye simu. Alicheka sana. Halafu akasema kwamba hajui habari za robo na nusu, ila kama nataka kutembea, Jumamosi asishuke yeye barabarani, nipande mimi.

Jumamosi ile sitaisahau. Mama alikuja kunipokea chini, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akageuka akaanza kupanda bila maelezo. Njia anayoimaliza kwa dakika arobaini na mzigo kichwani, mimi niliimaliza kwa karibu saa mbili na mikono mitupu. Hapo ndipo nilipomtazama kwa mara ya kwanza akitembea. Miaka yote nilikuwa nimemwona, sikuwa nimemtazama. Hatua zake ni fupi. Anaweka unyayo wote chini, hatembei kwa vidole. Mikono ameifunga nyuma, kanga imekazwa, na hasimami wala haharakishi. Mwinuko ukiwa mkali anapunguza, pakiwa tambarare haongezi. Na muda wote anaongea. Alinipa habari za kitongoji kizima, nani ameoza mtoto, ng'ombe wa nani amezaa, na kila baada ya muda alikuwa ananiuliza swali. Nikishindwa kujibu kwa pumzi, alikuwa anapunguza mwendo mpaka nijibu. Nesi alikuwa amelieleza jambo hilohilo kwa dakika tano. Mama alikuwa hajasoma darasa la nne, na alilitenda kama anavyosuka mkeka.

Tulipofika nilikuta wali wa mafuta na jogoo mzima. Mgeni kwetu halishwi majani, na mimi, nasikitika kusema, nilikuwa mgeni. Nikamweleza tena habari ya sahani. Akanisikiliza, akaniwekea wali robo, sawasawa na nilivyosema, kisha akaushindilia kwa mwiko mpaka robo ikawa na uzito wa sahani nzima. Nilikula. Ungemkatalia wewe?

Jumamosi iliyofuata nilimwomba anipikie anachokula yeye siku zote. Alinitazama kwa wasiwasi, lakini akapika. Makande ya mahindi na maharage, mnavu uliochemshwa na kuungwa kwa nyanya na mafuta kidogo tu, parachichi nusu. Alikula kunishinda! Bakuli lake lilikuwa kubwa kuliko langu, na yeye ni mwembamba, mgongo umenyooka, ana miaka sabini na kitu. Baada ya chakula hakulala. Alichukua kikapu cha samadi akapanda nacho kwenye matuta ya juu, akateremka, akapanda tena, na mimi nikaona aibu ya kukaa, nikachukua kikapu kidogo. Nilipanda mara mbili. Yeye sikumhesabia.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, Jumamosi kwa Jumamosi. Katikati ya wiki nilitembea kwenda kazini na kurudi. Chipsi sikuziapia kwamba sitazigusa tena. Nilizipa siku moja katika wiki mbili, nikazila nimenyoosha mgongo. Kulikuwa na mwezi mzima ambao futi haikusogea hata kidogo, na mwezi wa harusi mbili na sherehe ya ubarikio kanisani ambao kitambi kiliongezeka tena. Siku niliyoona hivyo nilimpigia mama simu kumwambia nimeshindwa. Aliniuliza kama miguu ipo. Nikamwambia ipo. Akasema basi tutaonana Jumamosi, akakata, kwa sababu mama hapendi kumaliza vocha kwa mambo yaliyo wazi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo nesi hakuniambia. Mashavu yalipoanza kupungua, kitongoji kilianza kunionea huruma. Kwetu mtu mzima hapungui bila sababu, na sababu zinazojulikana ni mbili: kafukuzwa kazi au anaumwa ugonjwa ambao hautajwi. Mzee mmoja alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Jirani mmoja alileta mayai kumi na unga wa uji wa lishe, akamwita mama pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mtoto ameshaanza dawa. Mama alijibu kwa sauti ya kawaida, mimi nikisikia, kwamba nimeanza, na dawa yenyewe ni huo mlima, meza kila Jumamosi. Mayai aliyapokea. Siku hiyo pia niligundua kwamba kikombe chake cha chai hakina sukari. Mama yangu, ambaye kwake chai bila vijiko vitatu ni maji ya kunawia, alikuwa ameacha sukari bila kuniambia, ili isiwepo mezani nikiwa pale. Nilinywa yangu.

Mvua za masika zilinikuta nimeshavuka nusu ya safari. Mkanda ulikuwa umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari. Jumamosi moja asubuhi, niko uani kwa mama nachambua maharage, tukasikia wanaume wanaitana. Mama mmoja mzee, jirani wa ng'ambo ya korongo, alikuwa ameteleza kwenye matuta yaliyolowa akavunjika mguu. Nilivaa viatu. Tulipofika machela ilikuwa tayari. Mwanawe alishika mbele upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa wazi. Wale wanaume walitazamana. Nikaingia kabla hawajaamua.

Sitasema kwamba ilikuwa rahisi. Njia ilikuwa tope tupu. Nilipiga hatua fupi, unyayo wote chini, na yule mama aliponiuliza mimi ni mtoto wa nani nilimjibu, nikamweleza na habari za ndugu zangu, bila kuhema sana. Nilibeba zamu yangu mpaka mwisho. Nikapumzika zamu moja, nikarudi begani tena, na mti ulikuwa begani mwangu tulipofika barabarani. Yule mzee mwembamba aliyewahi kunipokea aliniambia neno moja tu, "Haya." Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Mama alikuwa ametufuata. Gari lilipokata kona, nilisubiri aseme kitu. Yeye alikuwa anafuta tope miguuni kwa majani, taratibu, mguu huu, halafu huu. Mwishowe uvumilivu ulinishinda, mtu mzima mimi, nikamwambia mwenyewe.

"Mama, sasa siku yako ikifika nitashika mbele."

Alitupa majani. Akanitazama, na safari hii hakushuka hadi kwenye mkanda.

"Baba, siku hiyo wabebaji hawakosekani. Si umewaona? Watu wamejaa. Mimi nilikuwa nimekosa wa kula naye."

Niliona haya. Karibu mwaka mzima nilikuwa nimepima tumbo, nimepima sahani, nimejiandaa kwa ajili ya siku ambayo mama hatakuwepo kuiona. Yeye alikuwa anapika makande ya watu wawili kila Jumamosi, na hiyo tu ndiyo iliyokuwa shida yake. Nikataka kumwomba radhi, lakini alikuwa ameshakaza kanga, ameshafunga mikono nyuma.

Nikamwambia nina njaa. Akasema maharage nimeyaacha hayajachambuliwa, kwa hiyo tutachelewa kula, na akaanza kupanda.