Ndala Yangu Ilikwenda Ziwani

Kuna harufu moja ambayo ikinipata popote hunisimamisha: harufu ya magamba ya perege yaliyokaukia juu ya mpira wa ndala. Si harufu nzuri, wala sitawadanganya kwamba ni nzuri. Juzi nilikutana nayo sokoni Babati. Mama mmoja alikuwa anaparua samaki, amevua ndala zake na kuziweka kando, na magamba yalikuwa yamezigandia kama yamebandikwa kwa gundi. Nikamuuliza bei, kisha nikasahau kusikiliza jibu. Wivu ulinirudia palepale, mzima mzima, wivu wa miaka mingi. Mnisamehe, ndivyo nilivyo. Watu wengine wakikumbuka utoto wao hutokwa na machozi, mimi hununa.

Enzi hizo mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga kabisa. Babati tuliyoizoea kama stendi na soko iligeuka ghafla kuwa makao makuu, na magari ya ofisi yakaanza kupishana barabarani na vumbi lake. Majirani waliufurahia mkoa. Mimi niliuchukia, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi magari, na nilivyoona mimi, magari yote hayo yaliletwa ili yaje kuharibikia mikononi mwake. Aliondoka alfajiri, akarudi jioni na grisi mpaka kwenye nyusi. Siku yake ya kupumzika ilikuwa Jumapili tu, baada ya Misa, na Jumapili hiyo aliipeleka ziwani, kuvua samaki kwa ndoana.

Baba alikuwa mtu wa Ukerewe, amekulia majini. Mama alitoka Mbulu, kwenye baridi na mashamba, na tuliishi pamoja na mama yake, bibi yangu, ambaye hakuwahi kula samaki maishani mwake na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Kwao wazee hawakula samaki. "Hiyo ni nyoka ya maji," alisema bibi, na mjadala uliishia hapo. Kwa heshima yake, sufuria ya samaki haikuingia jikoni. Baba alikuwa na jiko lake la mafiga matatu nyuma ya nyumba, na sufuria yake moja nyeusi aliyoiosha mwenyewe. Upepo ukigeuka wakati anapika, bibi alihamisha kigoda chake.

Sasa, nilipokuwa mdogo sana, labda wa miaka mitano, baba alinikatia kipande cha perege, akakitoa miiba, akakipuliza, akaninyooshea. Bibi alikuwa anatazama. Nikakiweka mdomoni, nikakitema kwenye kiganja cha baba, nikatangaza, "Mimi sili nyoka!" Bibi alipiga makofi kwa furaha, akanipa kiazi kitamu kilichopakwa samli. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Baba naye alicheka, akajipangusa mkono kwenye suruali. Niliona nimefanya jambo la maana sana siku ile, na kile kiazi ninakikumbuka utamu wake mpaka leo.

Miaka ilipita, na hakuna aliyeona tatizo, hadi alipokuja Leokadia.

Leokadia alikuwa binti wa baba yangu mkubwa. Baba yake alifariki kule Ukerewe, na baba yangu akaenda kumchukua aje asome kwetu. Nilikuwa na miaka tisa, yeye alikuwa amenizidi miwili. Niliambiwa, "Huyu ni dada yako," nikampa nusu ya kitanda changu kwa moyo mweupe. Alikuwa mkimya, miguu mirefu, na usiku alilala amejikunja akitazama ukuta. Ningeendelea kumpenda kama isingekuwa Jumapili ya kwanza. Tulikuwa tumetoka kanisani, baba amekaa kizingitini anafunga ndoana kwenye mshipi wake wa kuvulia, na Leokadia akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Baba mdogo, fundo hilo litafunguka." Akauchukua mshipi, akafunga fundo jingine, akalikata kwa meno. Baba alimtazama kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao. Wakaondoka pamoja.

Na wakaendelea kuondoka pamoja kila Jumapili. Jamani, wivu haunyimi mtu usingizi tu, humpa na masikio. Nilisikia kila kitu. Nilisikia wakichimba chambo nyuma ya choo, wakicheka. Nilisikia habari za ziwani jioni: kiboko aliyepiga miayo, kambare aliyekata mshipi. Nilijifunza kwamba baba akifika ziwani huzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Akiziona kucha zake, anavua. Asipoziona, anarudi nyumbani, kwa sababu maji yenye tope hayana samaki wa ndoana. Yote haya niliyapata kwa kusikiliza mlangoni, wakati Leokadia aliyaona kwa macho. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba baba hakuwa na haraka. Kila Jumapili alikaa pale kizingitini, hatua chache tu kutoka nilipokuwa nimekaa na uso wangu umevimba, akafunga mshipi, akaufungua, akaufunga tena, na huku akinitupia jicho. Niliona anafanya makusudi ili nione vizuri ninachokosa.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikitaka cha mvunguni na shingo nimeikaza. Sikusema "na mimi" hata mara moja. Badala yake niliamua kula samaki, baba aone mwenyewe.

Jumatatu moja jioni, bibi akiwa ameenda kuwatembelea ndugu zake Bonga, nilimfuata baba kwenye mafiga yake, nikajipakulia perege mzima, nikaanza kumla kama mtu anayekula muhogo, na miiba yake yote. Mnajua kilichofuata. Mwiba ulinasa kooni, macho yakanitoka, mama akaja mbio na tonge la ugali, "Meza! Usitafune, meza!" huku akinipiga mgongoni. Ulipoteremka, mama alishika kiuno. "Mtoto akililia wembe, mpe," alisema. Lakini baba hakucheka. Alininawisha uso, akaniambia taratibu, "Usijilazimishe, mwanangu. Kwenu hamli samaki. Si vibaya."

Kwenu! Neno hilo lilinichoma kuliko mwiba. Leokadia alikuwa amekaa pale na sahani yake, akimchambua perege wake kwa vidole viwili, mifupa akiipanga pembeni safi kabisa, na sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile.

Jumapili iliyofuata niliwafuata kwa siri. Njia ya ziwani ilipita kwenye bustani ya mama, kando ya korongo linaloteremsha maji ya mvua kutoka milimani. Mama alikuwa mkulima hodari, na bustani yake ilikuwa na tabia ya kuteremka. Kila mwaka iliongezeka tuta moja upande wa maji, na matete yakapungua. Si yake peke yake, majirani wote walilima hivyo. Mvua ikinyesha, korongo lilipita pale likiwa jekundu na kwenda kumwaga udongo ziwani. Ulikuwa utani wao wa kudumu. Baba alisema, "Mama Paska, ziwa linakula udongo wako." Mama alijibu, "Na wewe unakula mchicha wa udongo huohuo, Baba Paska." Paska ndiye mimi, Paskalina. Jina hilo la baba lilikuwa faraja yangu kubwa: mjini kote aliitwa Baba Paska. Hakuna aliyemwita Baba Leokadia.

Nilijificha kwenye matete yaliyobaki. Walikuwa wamekaa juu ya gogo, bega kwa bega, migongo yao ikifanana. Maji yalikuwa safi siku hiyo, yenye rangi ya majani. Nikatafuta boya la Leokadia lilipo, kile kitu kinachoelea juu ya maji kuonyesha samaki amegusa ndoana, na nilipoliona nikapanua matete nione vizuri. Lilikuwa kipande cha ndala ya bluu. Ilikuwa ndala yangu. Ilikatika kanda wakati wa mvua, maji yakaichukua, nikaitafuta wiki nzima. Hata ndala yangu ilikuwa imefika ziwani, mimi sijaalikwa!

Mzee mmoja akapita akisukuma baiskeli. "Baba Paska, habari za Jumapili? Naona leo umekuja na Paska mwenyewe."

Leokadia akasema, "Shikamoo." Baba akasema, "Nzuri tu, mzee. Huyu naye ni mwanangu." Hakusema kwamba huyo siye Paska. Mzee akaitikia marahaba, akaenda zake, na kwake yeye Paska ni yule msichana wa miguu mirefu. Kisha ndala yangu ikazama. Leokadia akaruka, akavuta, na kambare mweusi akatoka majini akijipindapinda. Baba akapiga kelele kwa Kikerewe, lugha ambayo hakuwahi kuizungumza nyumbani, kwa kuwa nyumbani nani angemjibu? Leokadia alimjibu. Walipigana vikumbo wakicheka, na sikuelewa hata neno moja.

Nilirudi nyumbani peku. Bibi aliitazama miguu yangu. "Hiyo tope imetoka wapi?"

"Bustanini kwa mama," nikasema. Hakuuliza zaidi, kwa maana tope lilikuwa lilelile.

Sitawachosha na miaka iliyofuata. Leokadia alimaliza shule, akaenda Mwanza, akapata mchumba hukohuko. Bibi alitutoka. Mimi nilikua, nikajifunza kula samaki kwa vidole viwili, mbali na nyumbani, na mifupa nikaipanga pembeni. Kwenye harusi ya Leokadia tuliletewa sangara. Baba alikuwa amekaa karibu nami, nywele zimekuwa nyeupe, na aliponiona ninafyonza kichwa cha samaki aliweka kijiko chini.

"Paska, tangu lini unakula samaki?"

"Tangu siku ya ule mwiba, baba. Nilitaka unichukue ziwani."

Maharusi walikuwa wanakata keki, watu wanapiga vigelegele. Kisha akasema, "Ulipokitema kile kipande nilijua wewe ni mtoto wa bibi yako. Mkwe wangu alinivumilia na harufu yangu miaka yote. Nisingeweza kumnyang'anya na mjukuu. Lakini nilikuwa ninasubiri useme. Unadhani fundo la ndoana huchukua nusu saa? Ukerewe mtoto wa miaka sita hulifunga amefumba macho."

Mimi pale nilipokaa nimenuna nilikuwa ninamsubiri aseme "twende". Yeye kizingitini alikuwa ananisubiri niseme "na mimi". Na Leokadia, mtoto aliyefiwa na baba yake, aliyelala akitazama ukuta, hakusubiri chochote. Alichuchumaa tu akashika mshipi. Hilo ninalielewa sasa. Kulielewa hakukunipunguzia wivu hata kidogo.

Tuliporudi Babati, Jumapili ya kwanza baada ya Misa, nikamwambia baba, "Na mimi." Akainuka bila kuuliza ni nini. Tuliteremka na mshipi wake wa zamani, tukapita bustani ya mama, tukaendelea kupita bustani. Mahali pa gogo palikuwa na mahindi. Matete niliyojificha ndani yake hayakuwepo, na korongo lilikuwa limejaa udongo hadi ukingoni, unalivuka bila kuinua mguu. Vijana wawili walikuwa wanakusanya wavu wenye macho madogo kiasi cha kunasa hata vifaranga vya samaki, na ndani yake mlikuwa na vifaranga vya samaki. Tulitembea muda mrefu kuyafikia maji. Baba akachuchumaa, akazamisha mkono. Kucha zilipotea kabla maji hayajafika kwenye kifundo cha mkono.

Nilijua kanuni. Nilidhani atasema turudi. Badala yake alijipangusa mkono kwenye suruali, akaketi kwenye tope, akaanza kufunga ndoana, na safari hii alilifunga fundo mara moja.

"Hatuna boya," akasema.

Simu yangu ililia. Alikuwa Leokadia, anataka kujua tumefikaje, na aliposikia tuko ziwani alipiga yowe. "Hapo kwenye gogo? Paska, kambare wa hapo walikuwa wanene! Mmepata wangapi?" Nikamwambia ndiyo kwanza tumefika. Wengine huonewa wivu kwa nyumba zao au waume zao. Mimi dada yangu ninamwonea wivu kwa maji yale ya rangi ya majani.

Nikavua ndala yangu ya kushoto, nikampa baba. Akaitazama, akanitazama, akatoa kisu chake, akakata kipande kisiginoni. Tukatupa mshipi. Ndala ikakaa juu ya maji mekundu, wala haikutikisika, nasi tukakaa bega kwa bega tukiitazama mpaka jua likazama.